MPANGO WA VITUO NA MAANA YA SAFARI: "BOESMAN AND LENA" KATIKA NJIA YA WATALII

Miongoni mwa insha ambazo wanafunzi wetu huamriwa kuandika kila mwaka, hapana iliyozoeleka kama habari ya safari. Mtahiniwa huondoka nyumbani alfajiri na mapema, hupanda gari, huona milima na wanyama, hufika salama salimini, na hurejea akiwa amefurahi mno. Sisi walimu huzisahihisha insha hizo kwa mamia, na aghalabu alama tuzitoazo ni za tahajia na za mpangilio. Magazeti na majarida nayo hupenda aina moja ya habari hizi: safari ya mke na mume kwa gari la kukodi, pwani hata pwani, hifadhi hata hifadhi, pamoja na picha za wawili hao wakiwa wameegemea mlango wa gari. Katika makala haya tungependa kuipima aina hiyo kwa kuiweka kando ya kazi moja ya fasihi ambayo nayo yahusu mwanamume na mwanamke walio njiani, tena katika nchi ile ile ambako wasafiri hao hupenda kwenda. Kazi hiyo ni tamthilia ya Athol Fugard, "Boesman and Lena", iliyochezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1969 katika mji wa Grahamstown, ambao tangu mwaka 2018 waitwa Makhanda.

Kwanza njia yenyewe. Afrika Kusini ina majimbo tisa, na manne kati yake yapakana na bahari: Rasi ya Kaskazini, Rasi ya Magharibi, Rasi ya Mashariki na KwaZulu-Natal. Wasafiri wetu kwa kawaida huanzia Cape Town, wakaishika barabara kuu iitwayo N2 kuelekea mashariki. Hupita Mossel Bay na Knysna, wakaingia katika misitu ya Tsitsikamma ambako miti yateremka hata kukaribia mawimbi. Hifadhi ya Tsitsikamma ilitangazwa mwaka 1964, na mwaka 2009 iliunganishwa na jirani zake kuwa Hifadhi ya Taifa ya Garden Route. Kwenye daraja la Bloukrans, lenye kimo cha mita 216 juu ya bonde, watu hulipa fedha ili wafungwe kamba ya mpira na kujitupa chini. (Katika habari tulizosoma, mume ndiye hujitupa na mke ndiye hupiga picha, hatujapata kusoma kinyume chake.) Kisha huja mji wa Port Elizabeth, ambao tangu mwaka 2021 jina lake rasmi ni Gqeberha, na baada yake Hifadhi ya Tembo ya Addo. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1931 ili kuwanusuru tembo kumi na mmoja waliosalia baada ya wenzao kuuawa kwa bunduki. Leo tembo wake wapita mia sita. Mbele zaidi ni Durban, na kaskazini ya Durban ni maziwa ya iSimangaliso na vifaru wa Hluhluwe-iMfolozi. Hifadhi hii ya mwisho, tuseme kwa kupita, ni ya jimbo wala si ya taifa, jambo ambalo waandishi wengi hulichanganya.

Hatusemi kwamba habari za namna hii hazina thamani. Msomaji wa Kampala au Bujumbura ambaye hatapata kamwe nauli ya kwenda huko hujua angalau barabara yapita wapi, petroli yagharimu kiasi gani, na upepo wa kusi hupigaje kwenye miamba. Zile zilizo bora kupita nyingine hazifichi ugomvi: nani aliisoma ramani vibaya, nani alisahau maji, nani alinuna tangu asubuhi hadi jioni. Mwandishi anayekiri ugomvi huo hutuonyesha watu wawili. Asiyekiri hutuonyesha nafsi moja tu yenye miguu minne, ambayo jina lake ni "sisi".

Hapa ndipo sarufi yetu yatusaidia kuhakiki. Kiswahili kina kiambishi cha masimulizi kisicho na mfano katika lugha nyingi tunazofundishia, nacho ni -ka-. "Tuliondoka, tukafika, tukala, tukalala, tukaamka, tukaona tembo." Kiambishi hiki hupanga matukio kwa utaratibu wake, moja nyuma ya jingine, kama shanga katika uzi. Ni kitu kizuri sana, na mwanafunzi mgeni wa lugha akikipata hufurahi kwa haki. Lakini -ka- hakisemi kwa nini. Chaweza kuandamanisha mambo mawili yasiyo na uhusiano wowote, na msomaji akaridhika kwa sababu tu yameandamana. Habari nyingi za safari, za wanafunzi na za watu wazima, zimejengwa kwa -ka- tupu. Mwandishi hupita mahali, akaenda pengine, na sisi humwekea alama ya vyema kwa kuwa hakuruka kituo.

Sasa tumtazame Lena. Tamthilia yaanza jioni moja, kwenye matope ya mto Swartkops nje kidogo ya Port Elizabeth. Mwanamume aingia jukwaani na mzigo mkubwa mgongoni; mwanamke amfuata, naye ana mzigo kichwani. Ni watu wa asili mchanganyiko, ambao sheria za ubaguzi wa rangi ziliwatenga na Wazungu na wakati huo huo ziliwatenga na Waafrika. Asubuhi ya siku hiyo tingatinga la Wazungu limebomoa vibanda vyao vya mabati, nao wametembea kutwa. Riziki yao ni kuchimba chambo matopeni na kuuza chupa tupu. Boesman humpiga Lena, na alama za kipigo cha asubuhi ile bado zi mwilini mwake; amepigwa, kama tuambiwavyo, kwa kosa la kuvunja chupa. Watoto wamezaa, lakini ni mmoja tu aliyeishi, naye aliishi miezi sita.

Katika mchezo huu hapana mambo mengi yatendekayo. Wajenga kibanda kwa takataka. Mzee mmoja, Mwafrika asemaye Kixhosa, atokea gizani na kuukaribia moto. Boesman hamtaki, Lena amtaka, kwa sababu ni miaka mingi hajapata mtu wa kumsikiliza. Atoa fungu lake la mvinyo ili mzee aruhusiwe kukaa, kisha aketi naye nje katika baridi, wakigawana mkate na chai ya mkandaa. Kabla ya kupambazuka mzee afa. Boesman, kwa hofu kwamba atashtakiwa kwa kifo hicho, aipiga maiti, akafunga mizigo ili wakimbie tena.

Lakini kiini cha mchezo, kwa maoni yetu, kimo katika jambo ambalo mwalimu wa lugha atalitambua mara moja. Tangu mwanzo Lena ajaribu kukumbuka mpango wa vituo. Wamepita Redhouse, Veeplaas, Korsten, Coega, Swartkops yenyewe, na pengine tena na tena. Je, palitangulia papi? Huhesabu kwa vidole, hugeuka huku na huku akitafuta upande waliotokea, huchanganya, huanza upya. Amwomba Boesman amsaidie, na Boesman amcheka, au humtajia mpango wa uongo ili achanganyikiwe zaidi. Kwa maneno ya sarufi, Lena ni mtu aliyepokonywa -ka-. Anayo mahali, anayo maumivu ya kila mahali, lakini hana uzi wa kuzitungia shanga zake. Aamini kwamba akiupata uzi huo atajua ilikuwaje akawa hivi alivyo.

Mwisho wa mchezo Boesman ampa. Hapo mizigo imekwisha fungwa na Lena amekwisha kataa kwenda, kisha akakubali. Boesman amtajia vituo vyote kwa mpango wake sahihi, kimoja baada ya kimoja, mpaka asubuhi ya jana. Na juu ya hayo akiri kwamba chupa hakuzivunja Lena, alizivunja yeye. Mtazamaji asiyekuwa mwangalifu atadhani kwamba fumbo limefumbuliwa. Ukweli ni kwamba mpango ule haumwelezi Lena kitu. Vituo ni vile vile, na kutoka kimoja kwenda cha pili hawakuchagua wao. Walifukuzwa, au chambo kilikwisha, au Boesman alichoka kutazamwa. Mpango umepatikana na sababu haimo ndani yake. Lena aupokea kama mtu apokeavyo deni lililolipwa baada ya duka kufungwa, achukua sehemu ya mzigo, nao waondoka gizani.

Twaona basi kwamba Fugard, pasipo kujua Kiswahili, ametoa hukumu kali juu ya insha zetu. Mtu aweza kuwa na vituo vyote kwa utaratibu na bado asiwe na habari ya kusimulia.

Tuirudie barabara. Mume na mke watokao Gqeberha kwenda Addo kwa lango la kusini huifuata N2 hadi Colchester. Kabla ya kufika huko huvuka daraja juu ya mto Swartkops, karibu na mahali uingiapo baharini, kisha hupita Coega, ambako tangu mwaka 2009 kuna bandari mpya ya kina kirefu iitwayo Ngqura. Yaani hupita juu ya jukwaa la Lena. Kwa mwendo wa gari ni dakika chache tu, na katika habari tulizozisoma dakika hizo huandikwa kwa sentensi moja: tukatoka mjini, tukafika Addo. Hatumlaumu mtu kwa kutoiona tamthilia kutoka dirishani mwa gari. Tunalosema ni kwamba ile -ka- ya pili imemeza kitu, na mwandishi hakusikia ikimeza.

Imemeza na vingine. Huko nyuma, Tsitsikamma, si mbali na misitu wanayoisifu, walikaa Wamfengu ambao mwaka 1977 walihamishwa kwa nguvu za bunduki hadi Keiskammahoek, mbali na bahari, na ardhi yao ikatiwa mikononi mwa wakulima Wazungu. Walirudishiwa mwaka 1994. Msafiri ambaye ameona upande wa kuume wa barabara malisho ya ng'ombe wa maziwa na upande wa kushoto milima, na kuandika kwamba ni nchi ya amani, ameandika kweli ya macho yake. Hata hivyo palikuwa na sababu ya utulivu ule. Wala jambo hili si la Afrika Kusini peke yake. Hapa kwetu Uganda, mwaka 1991 Bwindi na Mgahinga zilipotangazwa kuwa hifadhi za taifa, Wabatwa walitolewa katika misitu hiyo iliyokuwa makao yao. Na tumesahihisha insha nyingi za safari ya Bwindi ambamo sokwe hutajwa kwa majina na Mbatwa hatajwi hata kwa kabila.

Kwa msafiri aandikaye kwa Kiswahili iko hasara nyingine ya pekee. Afikapo Durban huandika juu ya ufuko na juu ya mchuzi wa Kihindi ndani ya mkate. Laiti angeuliza, angeambiwa kwamba katika mji huo wako watu waitwao Wazanzibari. Wazee wao wengi walikuwa Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji, waliokombolewa na merikebu za Waingereza katika biashara ya utumwa na kuletwa Natal kutoka Zanzibar kuanzia mwaka 1873. Walikaa King's Rest, ng'ambo ya bandari, mpaka serikali ya ubaguzi ilipowahamishia Chatsworth katika miaka ya 1960. Mtu wa pwani yetu aliyepita Durban bila ya kuwasikia hawa amepita mlangoni kwa jamaa zake bila ya kupiga hodi.

Ni haki tueleze pia jinsi tamthilia hii ilivyozaliwa, maana nayo ilizaliwa ndani ya gari. Mwaka 1965 Fugard alikuwa akiendesha kutoka Cradock kurudi Port Elizabeth. Njiani alimpita mwanamke mzee aliyebeba kichwani mali yake yote. Mumewe alikuwa amekufa, naye akafukuzwa katika shamba walilokuwa wakiishi. Fugard alisimama, akampakia, akamchukua sehemu ya safari yake, kisha akamshusha. Jambo lenyewe ni hilo tu. Wengi wetu tumewahi kumpakia mtu njiani na kumsahau kabla ya magharibi. Yeye hakumsahau, na baada ya miaka michache mwanamke yule alimsaidia kumpata Lena. Tena miaka hiyo mwandishi mwenyewe hakuwa msafiri huru: mwaka 1967 serikali ilimnyang'anya pasipoti, na alirudishiwa mwaka 1971 tu. Mchezo wake ulipochezwa New York mwaka 1970, Ruby Dee akiwa Lena na James Earl Jones akiwa Boesman, yeye hakuweza kwenda kuutazama.

Pamoja na sifa hizo, hatuwezi kuupokea mchezo huu pasipo kuupinga mahali fulani. Liko suala la nani alicheza: katika onyesho la kwanza Fugard mwenyewe, Mzungu, alikuwa Boesman, na Yvonne Bryceland, Mzungu pia, alikuwa Lena. Watetezi wamesema kwamba mazingira ya wakati ule hayakuruhusu zaidi. Yawezekana, lakini filamu ya mwaka 1974 iliwatumia wale wale, na ilikuwa lazima kungojea ile ya mwaka 2000, ya Danny Glover na Angela Bassett, ndipo sura zikapatana na maneno. Liko pia lawama kwamba Boesman na Lena hawana mwamko wa kisiasa, hawapangi, hawagomi. Lawama hii hatuikubali. Mwaka huo huo wa 1969 Ebrahim Hussein alitupa "Kinjeketile", mchezo wa watu wanaosimama pamoja. Haimlazimu kila mtunzi kuuandika huo huo.

Kasoro ambayo sisi twaiona kubwa ni ya lugha. Yule mzee ndiye mtu wa tatu na wa mwisho katika mchezo, naye ndiye pekee asiyeeleweka. Hunung'unika kwa Kixhosa, Lena haijui lugha hiyo, na mtunzi hatufunulii maana ya asemayo. Neno moja tu latoka kinywani mwake likaeleweka na wote, nalo ni jina la Lena. Twafahamu kusudi lake: Lena ahitaji shahidi, na shahidi asiyejibu humwacha aseme yote. Lakini Mxhosa, mwenyeji wa jimbo hilo, ambaye lugha yake husemwa na mamilioni, amefanywa sikio lisilo na historia. Alitoka wapi? Alifukuzwa na nani? Hata yeye alikuwa na vituo vyake. Katika jambo hili Fugard amemfanyia yule mzee kile kile ambacho wasafiri wetu humfanyia mlinzi wa lango la hifadhi: ametokea, ametabasamu au amekohoa, akatoweka. Tofauti ni kwamba Fugard amemwacha afe mbele yetu, nasi tumelazimika kumtazama.

Wenzetu wameuliza kama mchezo huu wafaa darasani. Kwa vidato vya chini hatuupendekezi, kwa sababu ya mvinyo, matusi, na mwanamke anayepigwa ambaye mwisho wake hufuatana tena na mpigaji. Wanafunzi wa vidato vya juu na wa vyuo vya ualimu waweza kuusoma kwa faida, hasa wakipewa zoezi moja: waandike safari ya Lena kwa nafsi ya kwanza bila ya kutumia -ka- hata mara moja. Tulilijaribu na kundi moja la wanachuo. Wengi waliganda kwenye mstari wa pili, kwa maana kila walipotaka kusogea mbele walilazimika kutafuta neno la sababu: kwa kuwa, hata, ndipo, maadamu. Mmoja alikabidhi nusu ukurasa tu, na nusu hiyo ilikuwa bora kuliko kurasa nne alizoandika muhula uliotangulia juu ya safari ya Jinja.

Iwapo yupo atakayejitolea kuutafsiri kwa matumizi hayo, tungependa kumtahadharisha juu ya neno moja. Lena humwita yule mzee "Outa", neno la Kiafrikaans la kumwitia mtu mweusi aliye mzee, lenye heshima kidogo na dharau kidogo. Kiswahili chatupa "mzee", lakini "mzee" kwetu ni heshima tupu, na Lena hamheshimu alipomwona mara ya kwanza. Alitumaini mtu wa namna yake, akaletewa Mwafrika. Sisi tungeanza na "zee", katika ngeli ya kukuza na kudharau, "zee hili", tukaliacha hivyo mpaka mahali pa chai na mkate, na hapo, pasipo maelezo yoyote jukwaani, Lena aseme "mzee huyu". Mwenzetu mmoja apendelea "babu" tangu mwanzo hadi mwisho. Tumebishana naye sana. Babu ana wajukuu, na huyu hapati hata mtu wa kumfahamu aombapo maji.